Mti Uliopewa Zamu ya Maji

Haya ninayoyasimulia hayakutokea nchini kwenu. Nimetakiwa nilithibitishe hilo mwanzoni kabisa, nami nalithibitisha kwa moyo mkunjufu. Nchi yenu ina viongozi wenye akili timamu na miti iliyopandwa mahali pake. Nchi ninayoisema iko mbele zaidi ya huko mnakokufikiria, na jina lake sitalitaja, kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila wanapochoshwa na aibu ya lile la zamani.

Mimi huko nilikuwa Afisa Habari wa Wilaya ya Dukaro. Kazi ya Afisa Habari ni kulitazama jambo, kusikitika kidogo kwa siri, kisha kulitangaza redioni kwa furaha. Nilikuwa naifanya vizuri, tena bila kuhimizwa.

Mambo yalianzia angani. Mtukufu Rais alikuwa anarudi kutoka mkutano wa ng'ambo, ambako marais wenzake walioneshana picha za misitu yao. Yeye alionesha picha ya bustani ya Ikulu, na mwenzake mmoja mwenye macho makali akagundua kwamba zile nyasi ni zulia. Mtukufu akapanda ndege amenuna. Rubani, akikwepa mawingu, akapita njia ya kaskazini, na Mtukufu akachungulia dirishani akaona nchi nzima rangi ya kahawia, mwanzo wa macho hadi mwisho wa macho. Alikuwa ametawala miaka mingi lakini upande ule hakuwahi kuuona, maana kwenye ramani ya ofisini mwake umezibwa na kabati.

"Nani ameacha kitu hiki hapa?" akauliza.

Kiti cha nyuma yake alikaa Waziri wa Mazingira, Mheshimiwa Sifaeli Mapambo. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyefika alipofika kwa kutowahi kumaliza sentensi yenye neno "lakini".

"Ni jangwa, Mtukufu," akajibu. "Tulilirithi kwa mkoloni."

"Liondolewe."

Wiki hiyohiyo Bunge likapitisha Sheria ya Kufuta Jangwa, na kuanzia Jumatatu iliyofuata jangwa halikuwapo tena. Mchanga ukaitwa udongo uliochelewa. Ukame ukaitwa mapumziko ya mvua. Tufani ya vumbi, ile inayomfanya mtu atafune mchanga na kumlaumu mpishi, ikaitwa usambazaji wa ardhi, na mkurugenzi wake akateuliwa. Mwanafunzi atakayechora ngamia kwenye mtihani alitakiwa amchore mbele ya mgomba.

Nilitangaza yote hayo redioni. Watu wa Dukaro walisikiliza kwa adabu, kisha wakaniuliza kama hiyo Jumatatu itakuja na mvua. Niliwaambia sheria haikufika huko.

*

Haitoshi kufuta jangwa kwa maneno. Lazima Mtukufu mwenyewe apande mti. Pakachaguliwa Elgadhi, kwa kuwa Elgadhi kuna kisima, na penye kisima watu hupatikana wa kupiga makofi.

Maandalizi yalikuwa mikononi mwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Zefania Kikwaju, mtu nadhifu na mwoga ambaye alikuwa akipiga pasi hata kamba za viatu. Alifika Elgadhi akakuta tatizo: kisima kilizungukwa na migunga. Ilikuwa miti mikubwa, ya zamani, yenye miiba mirefu na kivuli kizuri, na ngamia walikuwa wakila maganda yake wakati ambapo hakuna kingine cha kula. Bwana Kikwaju aliitazama kwa wasiwasi. Kama Mtukufu anakuja kupanda mti wa kwanza, akajiuliza, hii mingine inafanya nini hapa? Basi akaamuru ikatwe yote.

Ilipokwisha akaona vichaka vimekauka, akaamuru vikauke kwingine. Hapo ndipo alipojitokeza Bi Darmi Elema.

Bi Darmi alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye ngamia wake mwenyewe na jino bovu lililomfanya azungumze ameshika shavu, hata salamu yake ikasikika kama mashtaka. Mwaka ule ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu kisimani. Hawakumpa kazi hiyo kwa hekima. Walimpa kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi.

"Hivyo vichaka havijafa, Bwana Mkuu," akasema. "Vimelala. Mvua ikigusa tu, vinaamka."

"Vitaamka lini?"

"Mwaka huu, mwaka kesho. Tutajuaje?"

Bwana Kikwaju alikuwa mtumishi wa umma wa miaka mingi. Kiumbe anayejifanya amekufa kisha anaamka mvua ikinyesha, serikalini tunamwita mtoro kazini. Vichaka vikang'olewa. Bi Darmi alikwenda akakaa juu ya kisiki cha mgunga mmoja, akalia waziwazi mbele yetu, kwa maana chini ya mti ule ndipo alipozaliwa, na mama yake kabla yake. Mimi nilitangaza kwamba wananchi wameshindwa kuzuia hisia zao.

Mti wenyewe ukaja. Ulikuwa mche wa mparachichi kutoka kijijini kwa Mtukufu, kule milimani ambako ukungu hauondoki mpaka adhuhuri na watu huenda jikoni na mwavuli. Ulisafiri ndani ya gari lenye kiyoyozi, na maafisa tuliousindikiza tukasafiri nyuma ya lori. Ulipandwa hatua chache kutoka kisimani, mahali pekee ambapo shimo lilikubali kuchimbwa bila baruti. Kuuzunguka pakajengwa hodhi la saruji, kubwa sana, kwa sababu Mheshimiwa Mapambo alitaka lionekane kutoka kwenye ndege.

"Ndugu wananchi," akasema Mtukufu siku ya sherehe, alipokwisha kuupanda kwa mikono yake, "nilipofika hapa asubuhi ya leo, hapakuwa na mti hata mmoja."

Ilikuwa kweli tupu. Wakataji wa Bwana Kikwaju walikuwa wamemaliza mapema.

"Sasa upo. Mti huu si mti. Mti huu ni mimi. Atakayeutunza, amenitunza mimi. Na siku utakapokauka..." Hakumaliza. Alimtazama Bwana Kikwaju, akapanda helikopta.

Hapakuwa na haja ya kumaliza. Sheria ya nchi inajulikana: mti uliopandwa na Mtukufu haukauki. Mkuu wa Wilaya mmoja wa upande wa magharibi, ambaye wake ulikauka, mara ya mwisho alionekana akijieleza.

Jioni ile akaletwa Kapteni Rukonge, Mpambe wa Mti. Alisimama nyuma ya mparachichi kwa sare kamili, ameushikia mwavuli. Asubuhi aliupigia saluti, na jioni pia. Ilikatazwa kuupa mgongo, kwa hiyo watu waliokuwa na shughuli karibu nao waliondoka kinyumenyume, na mbuzi waliopita walitakiwa wainamishwe vichwa. Mbuzi walishirikiana nasi vizuri kuliko nilivyotarajia, maana chini kulikuwa na maganda ya parachichi za maafisa.

*

Sasa niwaeleze kisima, maana bila kukijua hamtaelewa watu wazima waligombea nini.

Kisima cha Elgadhi kina kina kirefu kiasi kwamba ukichungulia huoni maji, unasikia ubaridi tu usoni. Hakina mashine. Ililetwa moja zamani, ikazinduliwa, ikapigwa picha, ikaondoka na wageni. Maji huvutwa na watu. Wanashuka kwa kamba, wanajipanga kwenye vidato vya jiwe mmoja juu ya mwenzake, na ndoo zinapanda mkono kwa mkono huku wakiimba, na zilizo tupu zinashuka upande wa pili. Wimbo ukikatika, ndoo humwangukia wa chini kichwani. Ndiyo maana watu wa Elgadhi huimba vizuri.

Kila kundi la ngamia lina zamu yake. Anayeweza kuruka zamu ni mmoja tu, naye ni mgeni. Mnyama wa mgeni hunywa kwanza, hata kama wewe umengoja tangu jana, kwa sababu kesho mgeni utakuwa wewe kwenye kisima cha mwenzako. Jambo hilo huko halijadiliwi, hata na Bi Darmi.

Bwana Kikwaju akatangaza kwamba kuanzia siku ile, mti utakunywa wa kwanza.

Bi Darmi alishika shavu, akautazama mparachichi kutoka juu mpaka chini. Haukuwa mbali.

"Umetoka wapi huu?"

"Nyumbani kwa Mtukufu."

"Basi ni mgeni. Mgeni ni mgeni, hata akiwa na majani. Ataanza yeye."

Ndugu zake na majirani wakashuka kisimani kumvutia mgeni maji. Wakavuta, na hodhi halikujaa. Saruji ilikuwa na nyufa, kwa hiyo mchanga ulikunywa kwanza. Jua likanywa la pili. Mti ukapata kilichobaki, na kilichobaki ukakihitaji chote, maana ulilelewa kwenye ukungu. Hodhi lilipojaa, jua lilikuwa kichwani, na mikono ya wavutaji haikuweza tena kuinua hata kikombe. Waliokuwa wakingoja zamu siku ile ni ngamia wa Bi Darmi.

Hawakunywa. Siku ya pili ikawa vilevile.

Huenda mtasema ngamia ni mvumilivu, atangoja. Kweli, ngamia atangoja. Nyasi hazingoji. Upande wa mashariki, kule Hadhado, mvua ilikuwa imenyesha, na nyasi za huko huota, huchanua, huangusha mbegu na kukauka kabla Wizara haijamaliza kujipongeza. Mwenye ngamia lazima awahi. Lakini kati ya Elgadhi na Hadhado hakuna tone la maji, na ngamia ambaye hajanywa akashiba hafiki. Makundi mengine yalikuwa yamekunywa kabla ya sherehe, yakaondoka. Lilibaki kundi la Bi Darmi, limesimama kwenye jua pasipo hata mgunga mmoja wa kulipa kivuli, likimtazama Kapteni Rukonge anavyoukinga mti na mwavuli.

Katika kundi lile kulikuwa na jike mmoja mwekundu aitwaye Qurale, mwenye ndama mchanga. Maziwa yake yalianza kukatika. Jioni ya siku ya pili ndama alilala chini, wakamwinua, akalala tena. Bi Darmi aliketi kando yake muda mrefu bila kumgombeza mtu, na ndugu zake wakaingiwa na hofu, maana hawakuwahi kumwona amenyamaza.

*

Siku ya tatu kulipopambazuka, hakuna aliyeshuka kisimani. Bi Darmi alikuja na ndoo tupu, akaiweka kwa heshima mbele ya mparachichi. Kapteni Rukonge, asijue la kufanya, akaipigia saluti.

"Hii ya nini, mama?" akauliza Bwana Kikwaju.

"Mgeni siku mbili, Bwana Mkuu, ya tatu mpe jembe. Sisi hatulimi. Tunampa ndoo."

"Mti hauwezi kuvuta maji."

"Hata mama yangu alipozeeka hakuweza. Alituma watu wa nyumba yake. Na huyu atume watu wa nyumba yake."

"Mti hauna watu, mama."

Bi Darmi akamgeukia Kapteni. "Wewe unayemlinda, hebu niambie. Huyu ni nani?"

Kapteni Rukonge alikuwa mtu wa amri moja kwa wakati, na amri hii alipewa kwa maandishi. Akajinyoosha. "Ni Mtukufu Rais."

"Haya. Na Mtukufu Rais hana watu?"

Nilimwona Bwana Kikwaju akilipima jambo huku na huku. Akisema mti si Rais, amemkana Rais. Akisema ni Rais ila hana watu, amemwita Rais mkiwa. Akisema ana watu ila hawatavuta maji, ametangaza kwamba watu wa Rais hawampendi. Huko kwetu watu wamefungwa kwa mojawapo ya hayo, na hakuna aliyewahi kuyasema yote asubuhi moja. Akakimbilia redio ya upepo, akampata Mheshimiwa Mapambo mjini, nami nilikuwa karibu.

"Mwambie huyo mama mti si Rais," ikasema sauti ya Waziri.

"Nimwambie mimi, Mheshimiwa?"

"Hapana. Usimwambie. Na mimi sijakwambia."

"Nimwambieje basi?"

"Mwambie Mtukufu ana watu wengi sana, lakini..." Hapo, kama kawaida yake, akakwama. "Mwambie wanakuja."

*

Walikuja kwa ndege mbili kabla jua halijawa kali. Alikuja Waziri, makatibu wake, wakurugenzi wote, Mkurugenzi wa Usambazaji wa Ardhi akiwamo, na watu wa televisheni. Zoezi lilikuwa limeshapewa jina: Operesheni Ndoo ya Upendo. Nia, nilivyoelezwa, ilikuwa kuinua ndoo moja, kupiga picha, na kurudi kula.

Bi Darmi aliwapanga mdomoni mwa kisima. "Anayeshuka huacha kila kitu juu," akasema. "Viatu, koti, tai, simu. Na vyeo. Ndani humu mtu ni jina lake la kwanza tu, maana mwenye cheo akishaitwa kwa kirefu ndoo imeshamfikia."

Mheshimiwa Mapambo, akiwa na shati la ndani na kamera mbele yake, akataka kujua jambo moja. "Nafasi ya heshima ni ipi?"

"Ya chini kabisa. Hapo tunamweka yule tunayemwamini kuliko wote."

Alimwambia kweli. Mheshimiwa akafurahi, akashuka mpaka kwenye tope.

Shida ikawa wimbo. Maafisa hawakujua wimbo wowote isipokuwa ule wa kumsifu Mtukufu, ambao ni mzuri ila una mapumziko ya kupiga makofi kila baada ya ubeti. Wakaimba ubeti wa kwanza, ndoo zikapanda vizuri. Ubeti ukaisha. Wote, kwa miaka yao yote ya utumishi, wakaachia mikono kupiga makofi. Ndoo zote zikamshukia Mheshimiwa Mapambo.

"Endeleeni," ikasikika sauti kutoka chini, "lakini..."

Wakaimba ubeti wa pili, na makofi yakaja tena, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutopiga. Mkurugenzi wa Usambazaji wa Ardhi akaomba kusema machache ya ufunguzi akiwa kidato cha tatu, ndoo ikamkuta katika neno "ndugu". Mwishowe kaka yake Bi Darmi, Galgalo, akalala kifudifudi mdomoni mwa kisima akawafundisha wimbo wa Elgadhi. Ni rahisi sana. Unasema "pokea, mpe mwenzako," basi. Maafisa waliona maneno hayo magumu, hawakuwahi kukutana nayo kwenye wimbo wa taifa, lakini ndoo ni mwalimu mkali. Muda si muda walikuwa wanaimba.

Hodhi la Mtukufu likajaa. Kamera zikazimwa. Kutoka chini Mheshimiwa akaita kwamba sasa yuko tayari kupandishwa.

"Bado, Sifaeli," akasema Bi Darmi. "Aliyeshuka hapandi wakati kuna mnyama anayengoja kwenye hori. Ndiyo sheria ya kisima."

"Nani anangoja?"

"Ngamia wangu."

"Na ngamia hunywa kiasi gani?"

"Hatuna desturi ya kumuuliza."

Wakavuta. Wangefanyaje? Kamba ya kupandia ilikuwa mkononi mwa Galgalo, na walinzi waliokuwa juu walikwisha kuambiwa kwamba kisimani hakuna cheo, kwa hiyo hawakujua ni amri ya nani ya kutii. Ngamia wa Bi Darmi wakakaribia hori wawili wawili, wakainamisha shingo, wakanywa bila haraka na bila shukrani. Qurale alikunywa mpaka ubavu wake ukafura. Alasiri maziwa yakashuka, ndama akainuliwa akasukumwa chini yake, akanyonya. Bi Darmi akacheka peke yake ameshika shavu. Mimi ambaye kazi yangu ni kufurahi redioni, siku ile nilifurahi kweli, nikasahau kutangaza.

*

Asubuhi iliyofuata Bi Darmi na watu wake walikuwa wameondoka kwenda Hadhado. Walibaki maafisa, wamevimba mikono, na hodhi lilikuwa tupu. Mchanga na jua havikuwa vimesikia kwamba sherehe imekwisha.

"Atavuta nani?" akauliza Bwana Kikwaju. Kila mtu akamtazama mwenzake, kisha wote wakatazama kisimani.

Walidhani ni kwa siku ile tu. Lakini Mtukufu alikuwa ameziona picha kwenye televisheni na machozi yakamtoka. "Sifaeli ananinywesha kwa mikono yake," akasema. "Asiondoke pale." Basi Wizara yote ikahamia Elgadhi. Vikao vilifanyika kwenye vidato. Aliyepandishwa cheo alishuka kidato kimoja, na nilishuhudia mafunzo ya uongozi kwa vitendo: watu waliokuwa wakipigania vyeo maisha yao yote sasa walisihi wasifikiriwe.

Mti nao ulikuwa na yake. Kwanza ulipoteza majani ya chini, na Kapteni Rukonge akaripoti kwamba Mtukufu amepunguza baraza lake. Ukapoteza ya juu, akaripoti kwamba anabana matumizi. Baadaye kikabaki kijiti. Kilikuwa kimenyooka, kina msimamo, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuona zaidi ya hapo. Mimi nilitangaza kwamba tatizo la wadudu wa majani limekwisha kabisa. Wizara ikaendelea kukimwagia maji alfajiri hadi adhuhuri. Wakaziba zile nyufa za hodhi kwa tope, maana anayevuta maji kwa mikono yake hujifunza upesi kuchukia nyufa, na tangu hapo hodhi likakaa limejaa pomoni. Hilo likamtia Waziri hofu mpya: mti unaokunywa hupunguza maji, na haya hayakupungua.

Nyasi za Hadhado zilipokwisha, wafugaji wakarudi. Walikuja wamechoka, vumbi hadi kwenye kope, tayari kwa kugombea zamu na kwa kazi ya kuvuta. Walipokaribia wakasikia wimbo kutoka ardhini, umeimbwa sawasawa, bila makofi. Wakaona hodhi limejaa hadi ukingoni, maji baridi, na katikati yake kijiti chenye bendera.

Qurale hakungoja kuelezwa itifaki. Alitumbukiza mdomo akanywa, na ndama wake, ambaye sasa alikuwa na miguu mirefu kumzidi Bwana Kikwaju, akajipenyeza kando yake. Kapteni Rukonge akanyoosha mkono kuwazuia. Halafu akaona ukingo wa hodhi. Maji yalikuwa yanashuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, yalikuwa yanashuka. Kapteni alishusha mkono polepole, akafanya jambo ambalo mpambe haruhusiwi kulifanya: akaupa mti mgongo.

"Mtukufu anakunywa," akatangaza, akitazama upande ambao hakukuwa na ngamia.

Chini kabisa, kwenye tope, Sifaeli Mapambo alisikia akalia kwa furaha. Ndoo zikaanza kupanda kwa kasi zaidi.

Habari ikafika mjini kwamba mti una kiu nzuri kuliko ulivyowahi kuwa nayo, na kila kundi jipya la ngamia lilipofika, kiu iliongezeka. Mtukufu akawaambia wageni wake wa ng'ambo kwamba yeye hakuwa na shaka tangu mwanzo. Akaongeza maafisa. Elgadhi sasa hakuna anayekosa zamu, hakuna mnyama anayerudishwa. Kwenye samadi ya ngamia waliotoka Hadhado imeota miche midogo ya migunga, mbegu zake zilisafiri tumboni mwao. Hakuna ofisi iliyoipanda, kwa hiyo hakuna anayeilinda, na hakuna mwenye nguvu zilizobaki za kuing'oa. Bwana Kikwaju huipita kwa uangalifu akishuka kazini.

Wiki iliyopita Bi Darmi alinifuata kwenye kibanda changu cha redio. Jino lilikuwa limeng'olewa, na mara ya kwanza nikaona uso wake mzima.

"Mwanangu," akasema, "nataka unifikishie ombi kwa huyo Mtukufu wenu."

"Ombi gani, mama?"

"Kule Bulukta kuna kisima kirefu kuliko hiki, na watu wake wamechoka sana kuvuta. Muulize kama anaweza kuja kuwapandia mti."

Nimelifikisha. Naambiwa mche umekwisha kuchaguliwa, na Wizara ya Fedha imeanza kufundishwa kuimba.